Mama wa babu yake mkwe alifia hospitali ya wendawazimu Wakefield mwaka 1893, tutapata wapi habari zake?

"Asalaam aleikum mtaalamu. Mimi mtu wa Tanga, naishi Huddersfield mwaka wa 14 huu, mume wangu Mwingereza wa hukuhuku Yorkshire. Binti yetu ana miaka 11, shule wakawapa kazi ya kuchora mti wa ukoo, basi mimi na yeye tukaingia intaneti usiku tukachimba mpaka tukafika kwa mama wa babu yake baba mkwe wangu. Kwenye sensa ya 1881 mumewe kaandikwa mgane, ana watoto wanne, mdogo hata miaka miwili hana. Tukajua mama kafa. Tukaagiza cheti cha kifo, kumbe kafa 1893! Mahali alipofia wameandika asailamu ya West Riding, Wakefield, sababu kifua kikuu, na yeye wamemwandika mke wa fulani, mfumaji wa sufu. Nilimuuliza baba mkwe akakasirika akasema waache marehemu wapumzike. Sasa naomba unisaidie. Faili lake litakuwepo mpaka leo? Nimesoma mtandaoni kuwa zamani wanaume walikuwa wakiwapeleka wake zao huko eti kwa kusoma riwaya tu, inawezekana huyu bwana alimtupa mkewe akajifanya mgane? Halafu jirani anasema watu wa Huddersfield walikuwa wanapelekwa Storthes Hall, sio Wakefield, labda tumempata mtu mwingine? Na la mwisho ndo linaninyima usingizi, hii damu itawafikia wanangu? Maana mi mwenyewe nilipojifungua wa pili nililia miezi mitatu, ikapita, lakini binti yangu naye atakuja kuwa mama siku moja."

Waaleikum salaam dada yangu. Kwanza hongera, maana watu wengi wanaoniandikia wanakuja na hadithi tu, shangazi kasema, bibi alinong'ona, wewe umekuja na cheti mkononi, na cheti hicho kimeshatupa nusu ya njia. Na pole na hilo neno. Sisi tulioko huku neno asailamu linatupeleka kwenye makaratasi ya uhamiaji, mtu anafanya asailamu, kapewa au kanyimwa, lakini Uingereza ya karne ya 19 asailamu ilikuwa hospitali ya wendawazimu, basi, na tena mwanzoni lilikuwa neno la kheri, mahali pa kupata amani.

Nianze na la jirani kwa sababu ni jepesi. Jirani hajadanganya, kachanganya miaka tu. Storthes Hall pale Kirkburton ilifunguliwa 1904, kwa hiyo bibi yenu alikuwa ameshafariki miaka 11. Wakati wake eneo la West Riding lilikuwa na Wakefield, iliyofunguliwa 1818, halafu Wadsley karibu na Sheffield 1872, halafu Menston, ile watu wanaiita High Royds, 1888. Mtu wa Huddersfield mwaka 1880 kupelekwa Wakefield ni jambo la kawaida kabisa. Ila zingatia kwamba wagonjwa walikuwa wakihamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine vitanda vikijaa, kwa hiyo ukikuta alikaa Menston mwaka mmoja akarudishwa Wakefield usishtuke.

Na kuhusu kumpata mtu mwingine, kinga yako ni yale maneno "mke wa fulani, mfumaji wa sufu". Kama jina la mume na kazi yake vinalingana na vya kwenye sensa, na umri wake wakati wa kifo unakaribiana na mnaoujua, uko pazuri. Nimesema unakaribiana, sio uwe sawasawa, karani alikuwa anaandika anachoambiwa, na nimeshaona mtu yuleyule ana umri wa namna tatu kwenye karatasi tatu. Halafu fungua sensa ya Aprili 1891 umtafute Wakefield. Ukikosa jina lake usikate tamaa, kwenye sensa nyingi za zamani wagonjwa wa hospitali hizi waliandikwa herufi za mwanzo tu, na hata zilipoandikwa kamili majina yaliandikwa hovyo, kwa hiyo tafuta kwa umri, ndoa, kazi na mahali alipozaliwa.

Sasa hapa ndo nataka tutulie, kwa sababu umeunganisha mambo mawili ambayo bado hayajaungana. Umeona 1881 mume ni mgane, 1893 mke kafia hospitali, ukahitimisha kuwa mwaka 1881 alikuwa tayari yuko ndani. Inawezekana, na kama ningekuwa mtu wa kubeti ningebeti hivyo, lakini haijathibitika. Inawezekana 1881 alikuwa kwa dada yake Halifax, au kwenye nyumba ya maskini pale wilayani, ile waliyoiita workhouse, au alishaingia Wakefield akatoka akaingia tena. Sehemu kubwa ya waliokuwa wanaingia hospitali hizi walitoka ndani ya mwaka mmoja, hii watu hawaiamini nikiwaambia, wanadhani ukiingia ndo umezikwa. Wengine waliingia na kutoka mara tatu mara nne. Kwa hiyo kwenye karatasi yako andika hivi: kuingia, sijui lini, kati ya kuzaliwa mtoto wa mwisho na 1893. Ukishaandika 1881 kwa kalamu ya wino utapita juu ya ukweli bila kuuona.

Na huo ugane. Dada yangu, usimhukumu huyo bwana bado. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa haimruhusu mtu kumtaliki mwenzake kwa sababu ya ugonjwa wa akili, mpaka ilipokuja sheria ya 1937 ndo hilo likawa sababu ya talaka, na hata hapo kwa masharti. Kwa hiyo mfumaji wa sufu mwenye watoto wanne, mkewe yuko hospitali, mwaka 1881 alikuwa sio mwenye mke nyumbani wala sio mtu anayeweza kuoa. Fomu ya sensa ilikuwa inaletwa mlangoni, anaijaza mwenye nyumba mwenyewe au anajaziwa, na nafasi ya kuandika "mke wangu yuko Wakefield" haikuwepo, na hata ingekuwepo karani mwenyewe labda ni mtu wa mtaa huohuo. Wanaume wa hali hii kujiandika wagane nimewaona wengi mno, na wanawake wenye waume ndani kujiandika wajane pia. Ni aibu, ni kuwalinda watoto na midomo ya mtaa, na kwa wengine ni kutaka kuoa kinyemela. Kipi kati ya hivyo? Mtazame baada ya 1893. Kama alioa miezi sita baada ya kifo cha mkewe, inaelekea alikuwa anajua kabisa yuko hai na alisubiri. Kama alioa 1884, basi hapo una kesi ya ndoa mbili na kikao kirefu na baba mkwe.

Tuje kwenye riwaya. Ile orodha unayoizungumzia naijua, kila mwaka inazunguka WhatsApp, kusoma riwaya, uvivu, kupigwa teke la kichwa na farasi. Orodha hiyo ni ya kweli lakini sio ya Uingereza, ni ya hospitali ya Weston, West Virginia, Marekani, inahusu waliopokelewa 1864 mpaka 1889. Na kile kilichoorodheshwa sio ugonjwa, wala sio kosa lililomfikisha mtu pale. Kulikuwa na nafasi kwenye fomu ya kuandika sababu inayodhaniwa, yaani wanamuuliza ndugu aliyemleta, wewe unadhani kaanzaje? Na ndugu anajibu anachojibu. Yaani kama leo Tanga ukimpeleka mtu hospitali na nesi akuulize ilianzaje, mmoja atasema alipofiwa, mwingine atasema alipopita chini ya mbuyu saa saba mchana. Nesi akiandika mbuyu haina maana mtu kalazwa kwa kosa la mbuyu.

Sisemi kwamba hila haikuwepo. Ilikuwepo, na ilikuwa zaidi kwa wenye pesa. Rosina Bulwer Lytton, mke wa mwandishi na mwanasiasa mkubwa, mumewe alimfungia mwaka 1858, magazeti yakapiga kelele akatolewa baada ya wiki chache. Georgina Weldon mumewe alijaribu 1878, mama akatoroka kabla hawajamkamata, baadaye akawashtaki wote mahakamani. Mgonjwa wa kulipiwa na familia alihitaji ombi la ndugu na vyeti vya madaktari wawili, na madaktari wa kukodi hawakosekani. Kelele za kesi kama hizi zilichangia sheria ya 1890 iliyotaka na hakimu aingie kati hata kwa wagonjwa wa kulipiwa.

Lakini bibi yenu alikuwa mke wa mfumaji. Maskini alikuwa na njia yake, na hii ukiielewa utajua pa kutafuta kila kitu. Mume hakuwa na uwezo wa kumpeleka mkewe Wakefield kama anavyopeleka kiti kwa fundi. Alikuwa anaenda, au jirani au daktari wa parokia anaenda, kwa ofisa wa misaada wa bodi ya maskini ya wilaya. Ofisa analeta daktari, daktari anaandika cheti kimoja, halafu mgonjwa anapelekwa mbele ya hakimu, hakimu anamuona mwenyewe na kusaini amri. Na bodi ndo inayolipa kila wiki, tena bodi ilikuwa hailipi kwa furaha. Nyumba ya maskini ilikuwa rahisi kuliko hospitali, kwa hiyo mwenye wazimu wa kimyakimya, anayekaa pembeni na kuongea peke yake, mara nyingi walimwacha kwenye nyumba ya maskini hukohuko. Mambo yakalegea kidogo kuanzia 1874 serikali ilipoanza kutoa shilingi 4 kwa wiki kwa kila mgonjwa maskini aliyeko hospitalini, bodi zikaanza kusukuma watu zaidi, na hospitali zikajaa. Na mume mwenye kazi wangeweza kumdai achangie. Kwa hiyo mtu kutupa mke Wakefield ili apumzike ilikuwa ni kujitafutia makarani mlangoni.

Kwa hiyo mimi kanuni yangu kwenye kazi hii ni moja, mfuate aliyelipa. Hisia za familia hazikuhifadhiwa, risiti zilihifadhiwa.

Anza na rejista za London. Kuanzia 1845 kulikuwa na tume ya serikali ya kusimamia hospitali zote za wendawazimu, na kila mgonjwa akipokelewa popote taarifa yake ilikuwa inatumwa huko. Rejista zao ziko kwenye nyaraka za taifa pale Kew, mfululizo unaitwa MH 94, zinaanzia 1846, na nyingi zimeshapigwa picha ziko Ancestry, ule mtandao wa kulipia wa kutafuta ukoo. Usikimbilie kulipia, maktaba nyingi za halmashauri huku zina Ancestry ya bure kwenye kompyuta zao, ingia na kadi yako ya maktaba. Utapata mstari mmoja tu, jina, hospitali, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka au kufa na matokeo yake. Ni mstari mkavu lakini ndo ufunguo, na ndo utakaokuambia kama aliingia mara moja au mara tatu. Kwenye matokeo utakuta neno "recovered", huyo kapona, "relieved", huyo kapata nafuu tu, "not improved", huyo katoka vilevile alivyoingia, mara nyingi kahamishwa.

Ukishakuwa na tarehe ya kuingia nenda Wakefield. Nyaraka za hospitali ile, ambayo baadaye iliitwa Stanley Royd na ikafungwa miaka ya 1990, ziko kwenye nyaraka za West Yorkshire, jengo lao liko Kirkgate, kutoka kwako ni safari fupi ya treni. Kwenye katalogi yao ziko chini ya C85. Waandikie barua pepe kwanza, uwape jina, umri, tarehe ya kuingia na ya kufa, waulize rejista ya kupokelewa inasemaje, daftari gani la wagonjwa na ukurasa gani, na kipi kimeshapigwa picha ili usisafiri bure. Daftari za wanawake na wanaume mara nyingi zilitengwa. Na usiogope habari ya siri, kumbukumbu za wagonjwa kwa kawaida zinafungwa miaka 100, na hesabu inaanzia kwenye maandishi ya mwisho ya daftari, sasa mtu aliyefariki 1893 ameshapita zamani. Huhitaji ruhusa ya baba mkwe.

Hilo daftari ukiletewa usilifungue kwa pupa. Ni kubwa, zito, la ngozi, na litalala kwenye mto wa sponji. Tafuta kwanza maelezo ya ule waraka wa hakimu: ameolewa, watoto wangapi, shambulio hili ni la ngapi, la kwanza alikuwa na umri gani, hili limedumu muda gani, sababu inayodhaniwa, ana kifafa au hana, anataka kujidhuru au hataki, ni hatari kwa wengine au siyo, bodi ipi inalipa, ndugu wa karibu nani na anaishi wapi. Halafu cheti cha daktari. Cheti kile kina vipengele viwili na watu wengi wanavisoma kama kimoja, hapo ndo wanapopotea. Cha kwanza ni dalili za wazimu nilizoziona mwenyewe. Cha pili ni dalili nilizoambiwa na wengine, na jina la aliyesema linaandikwa. Soma la pili polepole. Kama aliyesema ni mume unamsikia mume, kama ni jirani mwanamke unamsikia jirani, kama ni mama yake mzazi ni habari nyingine kabisa. Na linganisha: je, daktari kaona kitu kweli, au kipengele chake kina maneno matatu ya kujaza nafasi na uzito wote uko kwenye alichoambiwa? Swali lako la kutupwa jibu lake liko hapo.

Baada ya hapo zinakuja taarifa za wodini. Wiki za mwanzo ni nyingi, halafu zinapungua, halafu mgonjwa akishaonekana wa kudumu inakuwa mstari mmoja kila baada ya miezi mitatu, hali ileile, anafanya kazi dobi, hali ileile, afya nzuri, hali ileile. Miaka 12 inaweza kukaa kwenye kurasa mbili. Watu hulia hapo, sio kwenye mambo ya kutisha. Angalia na karatasi zilizobandikwa, kuna wakati barua ya mume au dada imebaki mle. Na picha. Wakefield ilikuwa na desturi ya kuwapiga wagonjwa picha, daktari wake mkuu James Crichton-Browne aliyekaa pale kuanzia 1866 mpaka katikati ya miaka ya 1870 alikuwa akimpelekea Charles Darwin picha za wagonjwa wakati Darwin anaandika kuhusu nyuso na hisia. Kwa hiyo uwezekano wa kukutana na uso wake upo. Mwandae binti yako, au nenda peke yako mara ya kwanza. Na kingine cha kujiandaa nacho, hospitali ile ilikuwa maarufu kwa utafiti wa ubongo, wengi waliofia pale walipasuliwa na ripoti zikaandikwa, na ripoti hizo zimeandikwa kama za fundi mashine. Kama hutaki, mwambie mtu wa dawatini asikuletee.

Sasa majina ya magonjwa. Kwenye daftari utaona mania, hiyo ni fujo, kelele, kukosa usingizi. Melankolia ni huzuni nzito, kukataa kula, kutaka kufa. Dementia ya wakati ule sio ya wazee tu kama leo, ni akili iliyofifia kwa sababu yoyote hata kijana wa miaka 25. Utaona na ule wazimu wa kupooza mwili mzima, ambao baadaye, mwaka 1913, ilithibitishwa kuwa unatokana na kaswende iliyofika kwenye ubongo. Huo kwa kawaida ulikuwa unaua ndani ya miaka michache, kwa hiyo kama kweli bibi yenu alikaa ndani miaka 12 akafa kwa kifua kikuu, mi siuweki juu kwenye orodha yangu. Kifafa nakiweka, maana wenye kifafa walijaa mle, dawa iliyokuwepo ni bromaidi tu, na wengi wao leo wangekuwa nyumbani na vidonge.

Na kuna hiki ambacho nadhani ndicho umekihisi ndo maana ukaniandikia hayo ya mwisho. Kwetu tunakijua, kichaa cha uzazi. Na wao walikuwa nacho kwenye vitabu vyao, pamoja na kingine cha mama anayenyonyesha muda mrefu huku mwenyewe hali vizuri, na mke wa mfumaji mwenye mtoto wa nne angeweza kuwa yeyote kati ya hao. Pata cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwisho ujue tarehe kamili, weka pembeni ya tarehe ya kuingia. Zikiwa wiki tatu ni jambo moja, zikiwa mwaka mmoja na nusu ni jambo lingine. Lakini tuwe wakweli, wengi wa waliolazwa kwa kichaa cha uzazi walipona wakarudi nyumbani, yeye hakurudi, au alirudi ikajirudia. Kwa hiyo hata ukikuta neno hilo kwenye ukurasa wa kwanza usifunge daftari hapo. Na usimpe jina la ugonjwa wa leo. Madaktari wenyewe hawapimi mtu kwa mistari ya mwaka 1885.

Damu, basi. Mimi ni mtu wa nyaraka sio daktari, ila hesabu naijua. Binti yako kwenye kizazi kile ana mababu na mabibi 32, huyu ni mmoja wao. Magonjwa mazito ya akili yana sehemu ya kurithi, kweli, lakini hatari inayopanda ni ile ya mzazi au ndugu wa tumbo moja, na kadiri unavyosogea mbali inashuka mpaka inakaribia ya mtu yeyote barabarani. Na hatujui hata alikuwa na nini, huwezi kurithi kitu kisichojulikana kutoka kwa mtu wa vizazi vitano nyuma kiasi cha kukunyima usingizi. Cha maana ni kuuliza walio hai, kama baba wa mumeo, shangazi zake au mumeo mwenyewe waliwahi kuumwa, hayo mweleze daktari wako.

Wewe naye huna damu na yule mama, umeolewa tu kwao. Ile miezi mitatu ya kilio ni yako, na ina jina, na ina tiba. Mweleze daktari wako wa mtaani hata kama imepita, iandikwe, maana ukibeba mimba nyingine watakufuatilia mapema. Na mtu yeyote anayesoma hapa ambaye kajifungua siku za karibuni halafu halali usiku kucha hata mtoto akilala, anasikia sauti, au anapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huyo asisubiri miadi, apelekwe hospitali leo hii, hiyo ni dharura kama ya kutoka damu.

Kaburi nimelipitisha haraka kwa sababu kwanza ni daftari. Rejista ya hospitali huenda ikasema kama mwili ulichukuliwa na ndugu. Kama ulichukuliwa, tafuta kwenye makaburi ya Edgerton hapo Huddersfield, yapo tangu 1855, na vitabu vya makanisa ya karibu na nyumbani kwao. Ikionekana mume alilipa kumrudisha nyumbani, hiyo nayo ni risiti, na inasema kitu.

Wanaoniuliza kila mara kuhusu kwetu, jibu ni fupi, kule kwetu Afrika Mashariki karne ya 19 haina hospitali za namna hii kwa watu wa kawaida bara. Mathari ya Nairobi imeanza 1910, na Lutindi, hapo kwenu dada, milimani Usambara, wamisionari wa Kijerumani waliijenga kwa watoto waliokombolewa utumwani kabla haijaanza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na bado inafanya kazi. Hiyo ni njia nyingine na lugha ya nyaraka zake ni nyingine.

Kuhusu kumlipa mtafiti, usilipe bado. Kazi ya MH 94 na barua pepe moja unaiweza mwenyewe. Lipa kama mwandiko umekushinda, au kama inabidi kusomwa vitabu vya bodi ya maskini mwaka mzima ukurasa kwa ukurasa, hiyo ni kazi ya siku kadhaa na macho mabovu.

Na baba mkwe. Ana zaidi ya miaka 70 nadhani, babu yake huenda alimjua, yule yule mtoto wa mfumaji aliyekua anaambiwa mama kafa. Inawezekana hasira ile sio aibu ya wazimu, ni kwamba umemgusa babu yake. Usimshindilie nyaraka. Mwache mjukuu wake ndo aulize, na asiulize habari za hospitali, aulize babu yako alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anakwambia nini kuhusu utoto wake. Na ukija kuipata ile picha, tafadhali usimtumie WhatsApp. Chapisha, weka kwenye bahasha, mpelekee nyumbani, na ukae naye mpaka aamue mwenyewe kuifungua.